Kiungo cha Kifuniko Namba Nne

Evaristi Ntirampeba alizaliwa Bukiriro, wilaya ya Ngara, akasoma hadi kidato cha nne, na mwaka 1971 akaajiriwa kuwa karani wa ukaguzi katika ghala la pamba Biharamulo. Watu walimfahamu kwa ngazi yake. Aliitengeneza mwenyewe, na hakumwazima mtu.

Kazi yake ilikuwa vifuniko. Kati ya chumba cha mashine za kuchambulia pamba na vyumba vya kuhifadhia palikuwa na matundu sita ya hewa, juu karibu na dari. Juu ya kila tundu kilining'inia kifuniko cha chuma kwa mnyororo, na katikati ya mnyororo palikuwa na kiungo: vibamba viwili vya shaba vilivyogandishwa pamoja kwa madini laini. Moto ukitokea, madini yanayeyuka, vibamba vinaachana, kifuniko kinashuka na kuziba tundu. Moshi na cheche hazipiti.

Karani aliyemtangulia alikuwa akisimama chini, anatazama juu, anaandika "Vizuri vyote." Aliandika hivyo kwa miaka sita, mara mbili akiwa likizo. Evaristi alipanda ngazi. Kila tarehe mosi aligusa kila kiungo kwa mkono, kisha akaandika alichokigusa.

Tarehe mosi Desemba 1978, siku ya Ijumaa, alikuta kifuniko namba nne kimefungwa kwa waya mahali pa kiungo.

Waya hauyeyuki kwa moto wa pamba. Na nyuma ya tundu namba nne ilikuwamo pamba ya vijiji kumi na kimoja, mavuno ya mwaka mzima, kwa sababu malori ya kuisafirisha yalikuwa yamekwenda vitani. Aliandika: "Namba nne: waya. Moto ukitokea hakitashuka."

Meneja, Ndugu Audax, alisoma mstari huo akiwa amesimama.

"Evaristi, Jumatatu anakuja sajini kukagua jengo. Wanataka kuweka mablanketi ya askari humo. Akiona hili ataniweka ndani."

"Ndiyo, Ndugu Meneja."

"Futa. Andika kizuri."

"Nimeandika kwa wino."

"Chana ukurasa."

"Kurasa zina namba."

Meneja alikaa. "Kwenu Bukiriro kuna mashamba, sivyo?"

"Yapo."

"Jumatatu asubuhi nikikuta ukurasa huu ulivyo, utakwenda kuyalima."

Evaristi alikuwa na mke na watoto watano. Shamba la Bukiriro lilikuwa la kaka yake, na kaka yake alikuwa na watoto wanane. Alifunga daftari akaenda nyumbani.

Jumamosi saa nne asubuhi, Benedicta, mpishi wa chai ya ofisi, alipiga kelele uani. Mdomo wa birika ulikuwa umeangukia motoni na maji yamezima mkaa.

"Birika hili lina shetani!" alisema. "Mzee Abbasi kaliziba juzi. Maji baridi, hata tone halivuji. Yakianza kuchemka tu, mdomo huo, chini! Na wewe karani unaandika vifuniko kila mwezi, birika huandiki?"

"Birika halimo kwenye orodha," alisema Evaristi.

Lakini alichutama, akapekua majivu, akapata tone la madini limeganda, linang'aa. Alifungua jalada la daftari alimobandika maelekezo ya vifuniko. Kiungo huyeyuka kwa nyuzi sabini na mbili. Maji huchemka kwa nyuzi mia. Alisoma mara mbili, ingawa alikuwa ameyakariri.

Abbasi, fundi bati, alikuwa na kibanda karibu na soko.

"Shikamoo, Mzee Abbasi."

"Marahaba. Umeniletea ngazi niichomelee?"

"Ni ya mbao."

"Najua, mwanangu. Nakutania."

"Birika la ofisi uliliziba kwa bati gani?"

"Bati liko wapi siku hizi? Sabuni yenyewe hakuna, itakuwa bati? Meneja wenu alileta kidude chake. Kinayeyuka kama samli! Nikamwambia hakifai kwa chombo cha moto. Akasema, wewe ziba, nina wageni."

Vibamba vya shaba vya kiungo hicho Abbasi alikuwa navyo bado, ndani ya kopo, na madini yaliyobaki yalitosha. Alivigandisha. Evaristi alirudi, akatoa waya, akatia kiungo, akamwomba Benedicta maji yaliyochemka katika sufuria. Akapanda ngazi, akayamimina juu ya kiungo.

Kifuniko kilishuka kwa kishindo. Siku zile mji mzima ulikuwa unasikilizia mabomu. Benedicta aliingia chini ya meza. Meneja alitoka ofisini baada ya muda, magoti yana vumbi.

Abbasi aligandisha kiungo tena, kikarudi mahali pake, na Evaristi akaandika: "Namba nne: kiungo kiliondolewa na Meneja kuzibia birika. Kimerudishwa. Kimejaribiwa kwa maji ya moto. Kimeshuka."

"Umeniandika," alisema Meneja.

"Nimeandika kiungo."

"Jina la cheo changu limo!"

"Kiungo hakikwenda chenyewe, Ndugu Meneja."

Jumatatu Evaristi alikuja na ngazi, na pia na sanduku lake la nguo. Meneja alilitazama sanduku, lakini Sajini Shibuda alikuwa ameshafika. Sajini alisoma ukurasa wote kwa kidole. Alipanda ngazi, akagusa namba nne, akashuka.

"Nimekagua majengo tisa," alisema. "Yote yameandikwa 'Vizuri vyote.' Sikuweka blanketi hata moja humo." Akamnyooshea Meneja kalamu. "Tia sahihi, Ndugu. Hapa, chini ya birika."

Meneja alitia sahihi. Kisha Sajini akaomba chai, na Benedicta akamchotea kwa upawa kutoka kwenye sufuria.

Habari za Bukiriro hazikuzungumzwa tena. Mablanketi yaliwekwa pamoja na pamba. Evaristi alikagua vifuniko hivyo mpaka alipostaafu mwaka 1994. Daftari lile lina mistari sita kwa kila mwezi, hadi tarehe mosi Januari 1979, alipoongeza wa saba:

"Birika. Mdomo haupo."

Mstari huo umerudiwa kila mwezi kwa miaka miwili.