Picha ya Mjambere na Mkasi wa Mama

Wenzangu mliokulia upande wa bara ya Mombasa wakati wa vita na miaka iliyofuata mtakuwa mashahidi wangu: siku zile picha haikumfuata mtu nyumbani kwake. Mtu ndiye aliyeifuata picha, akaenda hadi kisiwani, amepakwa mafuta ya nazi mpaka magotini, amevaa viatu vya jirani vinavyompwaya, akaketishwa kando ya meza yenye maua ya karatasi na kuambiwa asipumue. Aliyecheka aliharibu. Ndiyo maana ukitazama picha za wazee wetu utadhani wote walikuwa wakingoja hukumu.

Tarehe nitakazozitaja sikuzibuni. Mimi mwenyewe niliingia darasa la kwanza Januari 1950, nikiwa na miaka kumi na mitatu, mrefu kuliko mwalimu wangu wa kike. Lakini baba alikuwa na Biblia, na katika kurasa tupu za nyuma aliandika kwa penseli vizazi, vifo, mvua na kila jambo lililomshtua. Nilipojua kusoma, kurasa hizo ndizo nilizozisoma kwanza.

Tuliishi Mjambere, katika nyumba ya udongo na makuti, kwenye shamba la bwana mmoja aliyekaa kisiwani na ambaye sisi watoto hatukuwahi kumwona uso. Masharti yake yalijulikana na kila aliyejenga pale. Jenga, lima mahindi, lima mihogo, lakini usipande mti wa kudumu. Mwenye kupanda mnazi ni kama amepiga kigingi. Siku ya kuondoka atadai haki ya mti wake. Kwa hiyo msimamizi wa shamba alipouona mche alikuwa akiung'oa, na aliyeupanda akifungashwa virago.

Mama alipanda sita. Ilikuwa Aprili 1945, mvua za masika zilipoanza, nyuma ya nyumba, katikati ya mihogo iliyoota kama msitu. Alitwambia, "Mkiulizwa, nyuma ya nyumba kuna choo." Tena akaongeza, "Ikishazaa, hakuna wa kuing'oa bila kutulipa. Mpaka izae, fungeni midomo."

Nasi tulifunga midomo, lakini miguu haikufungika. Nyuma ya nyumba ndiko kulikokuwa na kivuli, na mchanga laini wa kuchezea mdako, na makuti machanga ya ile minazi yaliyomficha mtu vizuri tulipocheza kibe. Tulikuwa watatu: kaka yangu Kazungu, mimi, na mdogo wetu Dama. Tulicheza mpaka harufu ya muhogo wa nazi itwite, na tukaitika, sisi wasichana "Abee" na Kazungu "Naam", kabla jina halijatoka lote kinywani mwa mama. Vijana wa leo huitwa mara nne, na ya tano hupigiwa simu ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1947, alikuja mtu kwa baisikeli. Alikuwa Mgoa, mpiga picha wa kisiwani, kaptula ya kaki na mkoba wa ngozi kifuani, na Kiswahili chake kilikuwa safi. Alijiita Fransisi. Alisema amechoka kupiga picha za watu waliokauka kama samaki wa kuuza. Alitaka watoto jinsi walivyo, mama akitwanga, kuku wakipita, na hakutaka malipo.

Mama aliacha mchi ndani ya kinu. "Bure?"

"Bure, mama. Endelea tu na kazi yako, usinitazame."

"Mgeni anayetaka asitazamwe namjua ni mgeni wa namna gani."

Jirani yetu Mbeyu alikwisha fika uani, maana mgeni wa mtu mmoja alikuwa mgeni wa wote. Alimvuta mama pembeni. "Mama Kazungu, huyo ni mumiani. Anawapima watoto damu."

"Mumiani huja gizani, na gari," mama akajibu. "Huyu kaja mchana kwa baisikeli. Huyu ametumwa na mwenye shamba."

Hakumfukuza, kwa kuwa kumfukuza kungekuwa kukiri. Alimpa maji ya kunywa, kisha akafunga kamba kutoka pembe ya nyumba hadi mpera, akatundika mkeka na kanga zake zote mbili zifiche njia ya nyuma. Akatupanga sisi watatu mbele ya mlango, mikono magotini. Tukakauka kama tulivyojua picha inavyotaka.

Fransisi alitikisa kichwa. "Hivi wamekuwa maiti, mama."

"Maiti ni wa kwenu. Wanangu wamekaa kwa adabu."

Yeye hakubishana. Aliketi juu ya kinu kingine kilichopinduliwa, akala muhogo aliopewa na Mbeyu, akangoja. Nakiri kwamba alituweza. Mtoto hawezi kuwa maiti kwa muda mrefu. Dama alianza kujikuna, Kazungu akamfinya, Dama akakimbia, akapita chini ya mkeka, nasi nyuma yake. Dakika moja baadaye tulikuwa tumesahau kwamba kuna mgeni duniani. Nilikuwa nimejipenyeza ndani ya makuti, nimenyoosha mkono kumshika Dama bega ili nimvute tujifiche pamoja, naye anacheka mdomo wazi, meno mawili hayapo, ndipo tuliposikia mlio mdogo wa kamera kutoka penye mkeka.

Mama alitokea na mwiko mkononi. "Umepiga nini?"

"Watoto."

"Na nyuma ya watoto?"

"Sikutazama."

"Una macho mawili na la tatu la kioo, usitazame?"

Baba alifanya kazi Changamwe na alirudi nyumbani kila Jumamosi jioni. Alipoambiwa alisema, "Ni picha tu, mama Kazungu." Mama akamjibu kwamba msimamizi asipoamini la kuambiwa ataamini la kuonyeshwa. Kwa wiki tatu kila kengele ya baisikeli ilimtoa nje. Mbeyu naye hakuaminiwa tena, kwa ule muhogo wake. Sisi watoto tulikatazwa nyuma ya nyumba, na tuliona adhabu hiyo kuwa kubwa kuliko kosa.

Tarehe 30 Agosti Fransisi alirudi amefurahi. Alimpa mama picha ndogo, kisha akatoa nyingine kubwa kama sinia. "Hii nitaiweka dirishani dukani kwangu. Sijapata kupiga nzuri kama hii."

"Mbele ya dirisha hilo hupita nani?"

"Watu wote wa mjini."

Hapo mama akafanya jambo ambalo sikupata kumwona akifanya tena kwa mgeni. Alimshika Fransisi mkono, akampeleka nyuma, akamwonyesha mnazi mmoja mmoja. "Hii ndiyo niliyokuficha. Ikionekana kisiwani, wanangu hawa uliowapenda watalala njiani."

Fransisi aliitazama minazi, akaitazama ile picha kubwa. Alimkabidhi, akafungua mkoba akatoa na filamu yake katika bahasha.

"Ndiyo yote?"

"Naapa ndiyo yote."

"Wezi nao huapa," mama akasema, lakini alipokea. Vyote viwili aliviingiza motoni, chini ya sufuria ya kunde. Fransisi alipanda baisikeli, asirudi tena Mjambere.

Ile picha ndogo hakuiunguza. Alileta mkasi wake wa kushonea, akaketi kizingitini, akakata makuti yote, taratibu, akimzunguka Kazungu na kumzunguka Dama. Mimi nilikuwa ndani ya makuti.

"Mama, huyo ni mimi."

"Najua. Wewe ninaye mwenyewe."

Minazi ilizaa. Februari 1952 msimamizi alipita nyuma ya nyumba kwa mara ya kwanza akakuta madafu. Alifoka, akaenda, akarudi na jibu la bwana wake kwamba tukae. Marehemu mume wangu, ambaye hakuamini kitu mpaka akishike, alinitafuta katika picha ile miaka yote ya ndoa yetu, akidai kwamba nimemsingizia mama. Nilimwonyesha vidole vinne begani kwa Dama. Hakuna kingine.

Leo watu humlipa mpiga picha awafuate ufukweni, nao hujifanya hawajui kwamba wanapigwa. Huvaa nguo za rangi moja, baba humrusha mtoto juu, mama hucheka kwa kuhesabiwa moja, mbili, tatu. Hakuna anayeuliza nyuma yake pana nini, wala picha itapita mbele ya macho ya nani. Wajukuu wangu wana picha nyingi kuliko majani ya mkungu, na wote wanakaa nyumba za kupanga.

Mwaka jana mmoja wao, msichana mwema, aliniambia kwamba simu yake inaweza kunirudisha, inichore upya kando ya Dama, pengo la makuti yaliyokatwa litoweke kabisa, mahali pake uwekwe ukuta mweupe. Nilimwambia aiache kama ilivyo. Tulikuwa tumeketi kibarazani Mjambere wakati huo, na tulikuwa tukinywa madafu.