Hodi kwa Bi Kidawa

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Mchungaji alinikabidhi chaki na Mzungu. Bibi huyo alikuwa amejitolea kuvuka bahari aje kufundisha Kiingereza katika misheni yetu ndogo, nje ya Kisarawe, na Kiswahili hakujua hata cha kuombea maji. Mimi niliitwa msaidizi. Maana yake, yeye anasema sentensi, mimi naieleza, halafu naimbisha, yaani darasa zima linairudia kwa sauti mpaka ikae kichwani. Akienda kunywa chai, naendelea peke yangu.

Ninyi mnaoanza kazi hii, tusidanganyane: wasichana hawakuletwa na Kiingereza chake. Niliwafuata mimi, nyumba kwa nyumba, kwa Waislamu waliodhani tunataka kuwabatiza watoto wao. Nilikaa mkekani, nikamenya mihogo, nikaapa hakuna atakayebatizwa.

Aliyewapita wote ni Zuhura. Tulimtazamia afanye mtihani wa kwenda shule ya bweni. Kabla ya hapo akavunja ungo, akawekwa ndani. Mwali hatoki, wala haonwi na mwanamume. Nikaenda kwa Bi Kidawa, kungwi aliyekuwa akimfunda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kumwiba?"

"Nimekuja kumwombea. Mpunga ukishavunwa kuna mtihani."

Akacheka. "Mwalimu una maneno kama mshenga! Haya, tutamcheza ngoma yake mapema, atoke kabla ya mtihani. Nawe, mwanamke mwenzetu, njoo umsomeshe humu humu, lakini kwa kunong'ona. Mwali hana sauti."

Nikamsomesha kwa kunong'ona. Yote hayo nilimweleza yule bibi wa Kiingereza, akaitikia kwa kichwa. Kumbe kwake Zuhura ni mfungwa! Asubuhi moja, nikiwa darasani, alikwenda na Mchungaji na dereva, akausukuma mlango, akamtoa mtoto wa watu juani mbele ya wanaume, kajifunika uso kwa viganja.

Nilipofika mbio, Bi Kidawa hakupiga kelele. "Ameonwa. Uwali unaanza upya. Na huo mtihani wako, kaufanye wewe."

Mtihani ukapita Zuhura yuko ndani. Alipotolewa, akaolewa. Wenzake wote wakaachishwa shule na wazazi wao. Mgeni wetu akaagwa kwa nyimbo na mikeka ya zawadi, akalia, akapanda gari. Mimi nikaambiwa sikumwelewesha mgeni! Tumbo langu lilipoanza kuonekana, nikastaafishwa kabisa, maana mwalimu mjamzito hasimami mbele ya darasa. Nimestaafu sijaota hata mvi moja.

Juzi Mchungaji kaja, mwanangu ananyonya. Anakuja bibi mwingine wa kujitolea, na madawati ni matupu.

"Mwalimu, tupitie tena majumbani, uwaite wasichana. Nawe jitolee kidogo."

Nikamwambia, jitolee wewe. Mchukue mgeni wako, nendeni kwa Bi Kidawa, mpige hodi, msimame nje mpaka mkaribishwe. Siku mtakayokaribishwa, niiteni nije kuwatafsiria.