Mwasiti Ajifunza Kugombana kwa Kiingereza

Mwasiti alikuwa mkunga katika hospitali moja mjini Shinyanga, mcheshi kiasi kwamba hata akina mama wenye uchungu aliwachekesha. Mwaka 1982 alichaguliwa kwenda Uingereza kuongeza masomo, ila kwanza alitakiwa kufaulu mtihani wa Kiingereza. Sehemu ya kuandika aliimaliza bila taabu. Ya kuongea ndiyo iliyomkosesha usingizi. Vitabu vya ukunga alivisoma kwa Kiingereza miaka yote, lakini akiambiwa azungumze, ulimi ulikuwa mzito kama jiwe.

Rafiki yake Kantaben, mama yake Jashvant, mjane aliyekuwa na duka la nguo karibu na soko, alisomea Nairobi utotoni na Kiingereza alikimudu vizuri. Mwaka ule bidhaa zilikuwa adimu, rafu za dukani tupu, kwa hiyo nafasi ya kuzungumza ilikuwepo tele.

"Shikamoo, Mama Jashvant. Nimekuja darasani."

"Marahaba. Kaa. Haya, kwa nini unataka kusoma?"

Mwasiti akasimama wima, akatiririsha hotuba aliyoikariri tangu Jumapili.

"Basi, basi!" Kantaben akamkatiza. "Mimi nakuuliza, wewe unanisomea taarifa ya habari. Leo tutagombana. Gauni nililokushonea lina kasoro gani? Sema kwa Kiingereza!"

Mwasiti akacheka, akasema mikono inabana. Kantaben akajibu kwamba mikono haina kosa, mwenye gauni ndiye aliyenenepa.

"Kunenepa? Mimi?" Hapo Mwasiti alisahau woga. Maneno yakamtoka mfululizo, mengine yamevunjika miguu, mikono ikipunga hewani. Kantaben naye akapiga meza.

Bibi Nyamizi wa kijiji cha Samuye, aliyekuja mjini kuuza karanga, akasikia kelele akaingia mbio.

"Mayu! Mama yangu! Nesi aliyemzalisha binti yangu anatukanwa?" Akasimama mbele ya Kantaben, kapu mkononi. "Muombe radhi!"

Ilibidi wamweleze mara mbili kuwa ni masomo. Hakuridhika sana, lakini aliketi, akawagawia karanga, akawa anawahimiza: "Mjibu, nesi! Usikubali!"

Siku ya mtihani Mwasiti alipanda treni kwenda Mwanza. Mtahini, mzungu mpole mwenye miwani, alimwuliza kuhusu kazi yake, naye akaanza ile hotuba. Ikamponyoka katikati. Akarudi mwanzo, ikamponyoka tena.

"Nadhani wanawake wa vijijini hawapendi hospitali," yule mzungu akasema ili kumsaidia.

"Hapana, bwana, umekosea kabisa!" Mwasiti akaruka. Akamweleza mvua, mito isiyo na madaraja, mama mmoja aliyejifungua ndani ya lori la pamba huku dereva akiomba dua kwa sauti kubwa kuliko mzazi. Mzungu alicheka mpaka akavua miwani.

Majibu yalikuja kwa simu, Mwasiti akiwa chumba cha kuzalia. Zipora, muuguzi mkuu, hakuweza kusubiri. Akapaza sauti mlangoni:

"Umepita! Jamani, umepita!"

"Nimepita wapi?" mama aliyekuwa kitandani akalia. "Mbona mtoto bado?"

"Si wewe, mwenzangu, ni mimi," Mwasiti akasema, machozi na kicheko vikimjia pamoja. "Wewe sukuma. Kichwa hicho nakiona."