Unyasi Ambao Mama Daforoza Hakuuweka

Nilipokuwa mtoto, kazi niliyoichukia kuliko hata kuteka maji ilikuwa kusaga vigae. Bibi yangu, aliyemzaa mama, alikuwa mfinyanzi huko Kibimba, na mimi nililelewa kwake. Vyungu vilivyovunjika pale kijijini vililetwa nyumbani kwetu, nami niliketi uani na jiwe nikivitwanga vile vipande mpaka viwe kama chenga za mahindi. Hizo chenga ndizo zilizochanganywa na udongo wa bondeni. Bibi alisema udongo mtupu hauvumilii moto, unataka mzee ndani yake wa kuushikilia. Nilikuwa na miaka tisa na sikuona mzee yeyote mle, niliona malengelenge viganjani mwangu tu.

Mwaka uleule alianza kunifundisha kufinyanga. Alinipa donge la ukubwa wa yai la bata, akanionyesha namna ya kulizungusha kiganjani, kisha kulizamishia kidole gumba katikati bila kutoboa chini. Kutoka hapo unabana polepole kati ya kidole gumba na vidole viwili, unazungusha kidogo, unabana tena, na vidole vyenyewe ndivyo vinavyokuambia wapi ukuta umekuwa mwembamba. Chungu changu cha kwanza kilikuwa na mdomo uliopinda. Bibi alikitazama, akakiminya kikawa donge tena, akanirudishia. Alifanya hivyo mara nyingi mpaka nikaanza kumshuku kwamba hataki kabisa nijue kazi yake. Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai, na nadhani nilijifunzia pale pale uani kwake.

Maana kwa Bibi ufinyanzi haukuwa mikono peke yake. Ukiwa umebeba udongo kutoka bondeni humsalimii mtu wala huitikii salamu, na mimi niliwapita wazee wazima kichwa kimenyooka bila shikamoo, nao wakaona sawa. Lakini mwiko mkubwa zaidi ulihusu chungu ambacho hakijachomwa. Chungu kibichi hakionyeshwi. Mtu wa nyumba nyingine akikiona kwa bahati mbaya, anachuma unyasi mmoja na kuuweka juu ya mdomo wa chungu, ili jicho lake libaki kwenye ule unyasi. Asiyeweka, Bibi alisema, anaondoka na chungu chako moyoni, na moto utakuja kuonyesha. Majirani zetu walilijua hilo tangu utotoni na walifanya bila kuambiwa.

Mama Daforoza hakulijua. Yeye na mumewe walikuwa wamevuka kutoka Burundi pamoja na wengine, na baada ya kuzunguka kambini walipata kipande cha ardhi chini ya shamba letu, penye mawe mengi. Walikuwa Wakatoliki kama sisi na kanisani walikaa benchi la nyuma yetu. Hata hivyo Bibi hakumtaja kwa jina, alimwita yule wa kule chini. Sidhani kama alimchukia. Alimchunguza tu. Aliuliza mara kwa mara inakuwaje migomba istawi vile kwenye mawe, na aliuliza kwa namna ambayo hukutakiwa kujibu. Nami nikashika tabia hiyo, nikawa nahesabu ni mara ngapi kwa siku yule mama anageuza uso kuelekea kwetu.

Basi familia moja ya juu kilimani ilikuwa inaozesha binti, wakaagiza kwa Bibi vyungu sita vikubwa vya pombe ya ndizi. Ilikuwa heshima kubwa, na Bibi alikuwa ametimiza umri ambao watu huanza kunong'ona kama fulani bado anaweza. Akanikabidhi matenga mawili ya vigae nisage. La kwanza, lililokuwa dogo, nilisaga vizuri. La pili sikusaga. Mikono iliniuma, wenzangu walikuwa wanacheza rede barabarani, na nyuma ya nyumba palikuwa na kichuguu kilichobomolewa chenye udongo mkavu, mwekundu kama vigae. Nikavifukia vigae vyote chini ya migomba, nikajaza tenga kwa udongo wa kichuguu, nikaupondaponda, nikamwambia Bibi nimemaliza. Akanisifu kwamba safari hii nimesaga laini sana.

Vyungu vilikauka kwenye chumba cha ndani kwa siku nyingi. Asubuhi moja ya mvua Mama Daforoza alikuja kuomba moto, kwa kuwa jiko lake lilikuwa limelowa. Bibi alikuwa shambani, mimi nikamkaribisha. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Aliviona, akasimama, akatabasamu, akasema ni vizuri sana hivi, na vikubwa. Kisha akachukua kaa lake kwenye kigae akaondoka zake. Bibi alikuwa anapanda kutoka shambani na akamwona mgongo. Aliniuliza swali moja tu, kama ameweka unyasi. Nikasema hapana, na huo ulikuwa ukweli.

Siku ya kuchoma, Bibi alipanga vyungu chini, akavifunika kwa kuni na majani makavu ya migomba, akawasha. Wanawake wa jirani walikuja kusaidia, kila mmoja na unyasi wake. Moto ulipokolea tukasikia mlio wa kwanza, kisha wa pili. Ukishausikia mlio wa chungu kinachopasuka motoni huhitaji kuelezwa. Vyungu vinne vilikwisha. Viwili vilitoka vizima, na mimi peke yangu pale nilijua kwamba hivyo viwili vilitokana na tenga la kwanza. Bibi hakulia. Aligeuza uso akatazama kule chini, na wanawake wote wakageuza nyuso zao pamoja naye.

Nilifurahi. Nataka kulisema hili waziwazi kwa sababu nimelificha muda mrefu. Nilifurahi sana kwamba walitazama kule na siyo kwangu.

Hakuna aliyemtukana Mama Daforoza. Kwetu haifanywi hivyo. Alipopita, mitungi ya pombe ilifunikwa. Waliobeba watoto wachanga walivuta kanga juu ya uso wa mtoto. Kisimani walimwachia nafasi ateke kwanza, akafurahia heshima hiyo kwa siku mbili hivi, kisha akaielewa. Mumewe hakuitwa tena kulima kwa zamu na wanaume wengine, na benchi lao kanisani likabaki na watu wawili tu. Alikuwa na mimba miezi ile, na hakuna mwanamke aliyekwenda kumwuliza hali.

Siku moja alinikuta kisimani peke yangu. Mkononi alikuwa na kipande cha chungu alichokiokota kwenye jalala letu kando ya njia. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akakisugua kile kipande kwa kidole gumba, palipovunjika, akakisugua tena. Nikajua amejua.

"Vigae alisaga nani?" aliuliza.

"Mimi."

"Hiki hakina vigae, mtoto wangu. Hiki ni udongo mtupu. Mama yangu alikuwa akifinyanga, najua." Hakupandisha sauti. "Mwambie bibi yako. Mimi nikisema hawatanisadiki."

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Sikula vizuri, na Bibi, ambaye hakupitwa na kitu, alinihisi homa na kunichemshia majani. Siku ya nne nikamwambia yote, tenga la pili, kichuguu, vigae chini ya migomba. Nilikuwa tayari kwa fimbo. Bibi alinitazama kwa muda mrefu bila kupepesa.

"Nani amekutuma useme hivyo?"

Nikasema hakuna. Akaniuliza kama nimeongea na yule wa kule chini. Nilikuwa nimeongea naye. Akaniuliza wapi, lini, na kama alinigusa, na kila nilichojibu kilizidi kunipoteza, maana kila jibu lilikuwa la kweli na lilimwelekea yule mama. Mwisho Bibi akasema, kwa sauti ya kumwonea mtu huruma, kwamba mtoto amewekewa maneno mdomoni. Kesho yake kijiji kizima kilijua kwamba Mama Daforoza hakuridhika na vyungu, sasa anataka na mjukuu. Nilikatazwa kupita njia ya chini. Ningeweza kumpeleka Bibi chini ya migomba nikafukua vile vigae mbele yake. Sikufanya. Nilikuwa nimesema ukweli, umekataliwa, na moyoni nilishukuru umekataliwa.

Kiangazi hicho walihama. Walisema wanakwenda Lusahunga, ambako watu hupita na hakuna anayeuliza mwenzake ametoka wapi.

Sasa nafundisha shule ya msingi katika wilaya hiihii, na darasa langu hufinyanga kila juma. Wanaoanza nawapa donge la ukubwa wa yai la bata. Kabla ya hapo nawafundisha kuuliza udongo kwa vidole: uchukue kidogo, usugue kati ya kidole gumba na cha pili, kama haukwaruzi, haujawa tayari. Hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kutofautisha baada ya siku mbili. Na ilikuwa darasani, nikiwa na udongo vidoleni, ndipo shaka iliponiingia iliyochelewa miaka mingi. Bibi alikuwa ameukanda ule udongo kwa mikono na miguu tangu asubuhi hadi jioni. Alivijenga vile vyungu, akalainisha kuta kwa kokoto, ndani na nje. Angewezaje asijue? Nikakumbuka kwamba baada ya mwaka ule hakunipa tena kazi ya kusaga, alisaga mwenyewe mpaka alipofariki, nami nilidhani ni adhabu. Huenda vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi na aliogopa watu wajue. Huenda alijua tangu mwanzo na akachagua nani wa kubeba lawama. Sikuweza kuamua lipi baya zaidi, na ndiyo maana likizo iliyofuata nilipanda gari kwenda Lusahunga.

Nilimwuliza mtu wa kwanza penye maegesho ya malori, akanionyesha kibanda cha chakula. Mama Daforoza amezeeka, anapika maharage kwa ndizi ambayo madereva wanayasimulia mpaka Rusumo. Nilimwamkia, nikajitaja, nikamwambia pale pale nimesimama kwamba nilisema kwa Bibi lakini nilisema kwa namna ya mtu asiyetaka kuaminiwa, na kwamba nimekuja kuomba msamaha. Aliendelea kuchambua maharage.

"Kaa," akasema mwishowe. "Bibi yako naye alikuja."

Sikuelewa. Akaniambia ilikuwa mwaka wa tatu baada ya wao kuhama. Bibi alishuka kwenye gari akiwa na chungu kwenye ngata, akakiweka mlangoni, akasema, "Hiki kina vigae vya kutosha." Akageuka akaenda kusubiri gari la kurudi. Hakunywa hata maji. Hakusema neno la pole, na kijijini nako hakusema chochote aliporudi, hilo nalijua mwenyewe, maana nilikuwepo na ningesikia.

Nilimwuliza chungu kiko wapi. Aliniongoza hadi stoo, nyuma ya magunia, kilikuwa kimefunikwa kichwa chini. Nilikigeuza. Hakikuwa na doa la masizi hata moja. Miaka yote hiyo hakukipikia kitu.

"Nilikiogopa," alisema. "Mtu aliyenifukuza ananiletea chungu, nifikirie nini?"

Nikaingiza mkono, nikasugua pale mdomoni, kilikuwa kinakwaruza vizuri. Nikamwomba tukipikie maharage. Alinitazama kwa jicho lile ambalo mimi nalijua, kwa kuwa nimelitumia sana juu yake, na sikumlaumu. Alikubali kwa sharti kwamba nile kwanza.

Tuliketi kila mmoja upande wake wa moto tukikisikiliza kama kitalia. Hakikulia. Maharage yalipoiva alinipakulia, akakunja mikono akasubiri. Na mimi, mjukuu wa damu, nilikinusa kijiko kabla ya kukipeleka mdomoni, kwa sababu wakati ule sikuwa tena na hakika na jambo lolote kuhusu Bibi. Nilimeza. Nikala kijiko cha pili na cha tatu.

Sidanganyiki kwamba sahani moja ya maharage inamrudishia mtu shamba lake na miezi ile ya mimba aliyoibeba bila kuulizwa hali. Bibi alijaribu kulipa bila kusema, na mimi nilijaribu kusema bila kulipa, na katikati yetu yule mama aliachwa na chungu asichoweza kukitumia. Nilimwambia hivyo. Alinitazama mpaka nilipomaliza sahani, kisha akavuta bakuli lake na kujipakulia.