Moshi Niliouruhusu Ghalani

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nilipoulizwa swali nikajibu "itatosha" mahali pa hapana. Laiti ningekataa.

Nilikuwa msimamizi wa ghala la mchele na sukari pale Zinga. Foklifti yetu ya dizeli, ile gari ya kunyanyulia magunia, ilikuwa ikishusha mizigo uani, na uani ilikuwa mashine hasa: tope haliisumbui, mafuta yakiisha unajaza na kuendelea. Kisha tajiri akajenga ghala jipya, kubwa, lenye milango miwili tu. Muuzaji mmoja akatushauri tuchukue foklifti ya umeme. Ile haina moshi wala makelele, ila bei yake iko juu, lazima uichaji, na betri yake hutaka kuangaliwa maji kama mgonjwa.

Tajiri akaniuliza, "Bwana Omari, hii tuliyonayo haitatosha humo ndani?"

Pale kazini mimi ndiye niliyefika sekondari. Kitabu cha mashine nilikuwa nacho mezani, kwa Kiingereza, na kilikataza wazi kuiendesha ndani ya jengo lisilopitisha hewa. Nilikuwa nimekisoma. Lakini nilitaka nionekane mtu wa kubana matumizi, nikamjibu, "Itatosha." Rahisi huvunja upishi, wamesema wazee, na upishi wenyewe haukuwa wangu.

Ulikuwa wa Shomari, dereva wetu, mume wa dada yangu na muadhini wa msikiti wetu Kaole. Alfajiri akiadhini, hata mvivu kama mimi niliona haya kubaki kitandani.

Mvua ilipokuwa ikinyesha tulifunga milango ili sukari isipate unyevu, na mashine ikanguruma humo humo. Siku ya tatu Shomari alishuka, macho mekundu.

"Shemeji, hebu niambie, kitabu kinasemaje kuhusu moshi huu?"

"Kinasema dereva apunguze kulalamika."

Vibarua wakaangua kicheko. Nami nikanogewa: "Kifua kinachoamsha Kaole nzima, leo kishindwe na moshi?"

Akacheka naye. "Haya, msomi ni wewe." Akajifunga kipande cha kanga puani, akapanda tena.

Hapo ndipo ninapoumia hadi leo. Utani wa mashemeji ni mtamu, mwanangu, na sikukatazi. Lakini mtu akikuuliza jambo la uhai wake, vua utani kwanza kama uvuavyo viatu mlangoni. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Masika matatu yalipita hivyo. Kikohozi kikamwanza, kikakataa kuondoka. Daktari alipomuuliza anafanya kazi wapi, alisikiliza jibu lake akatikisa kichwa. Ndipo nikamwendea tajiri na kitabu mkononi, nikamsomea nilichokuwa nimekificha. Hakufoka. Alisema tu, "Ungeniambia mapema, Omari, ningenunua." Na akanunua kweli. Ile ya umeme ikawa inapita kati ya magunia kimya, na umeme ulipokatika tulitumia mikokoteni, wala hakuna aliyekufa njaa.

Jioni ya siku niliyomsomea tajiri kitabu, nilikwenda kwa Shomari. Alikuwa kibarazani, dada yangu akimsugua mgongo.

"Shemeji," akaniuliza, "siku ile ulikuwa umekisoma kile kitabu?"

"Nilikuwa nimekisoma."

Kikohozi kilimshika, kikatulia. "Nimekusamehe. Ila usinitanie tena."

Mwanangu, ukipewa kuchagua mashine, tazama kwanza mwendeshaji atavuta hewa gani. Uani na kwenye tope, dizeli ina heshima yake. Ndani ya kuta, chukua ya umeme, hata kama bei itakukwaza. Kifua cha mtu hakiuzwi dukani. Na kama wewe ndiye unayeweza kusoma, wasomee wenzako yote yaliyoandikwa, na yale yasiyompendeza mkubwa wako yasome kwa sauti zaidi. Mungu akupe ulimi mkweli na kifua kizima, na akubakizie wa kukutania mpaka mvi zikuote.

Neno langu lile, "itatosha", lilimnyang'anya Shomari adhana. Sasa anaadhini mtu mwingine. Nami lilininyang'anya shemeji. Tukikutana hunipa salamu kamili, ya adabu, kama ampavyo mgeni, kisha hupita.