Msikilizaji wa Mabomba

Kila Jumamosi, mwezi wa pili huu, mteja huyu huingia karakana na miwani ya jua utosini, akainua bomba moja moja la kutolea moshi kwenye injini, akaligonga kwa ukucha wa kidole kidogo na kulitegea sikio kama anayechagua tikiti maji. "Hili linapumua," husema. "Hili halina kifua." Fundi humwacha, debe tupu haliachi kuvuma. Leo amelikumbatia moja la chuma cheupe, akalipangusa kwa leso, akauliza kama watu wataliona akipita nalo mbio. "Linakaa chini ya boneti, bosi," fundi akamjibu. "Hebu fungua tupime." Mteja akaliendea gari lake mlangoni, akainama chini ya usukani, akapapasa, akavuta hiki, akabonyeza kile, taa zikawaka, waipa zikacheza, boneti ikatulia tuli. Mkewe, aliyekuwa amekaa kiti cha pembeni, akashuka, akamsogeza kwa kiwiko, akapitisha mkono mara moja, boneti ikaachia. "Mimi ndiye ninayetia maji kila asubuhi kabla hajaamka, fundi," akasema taratibu. "Rejeta inavuja tangu mwaka jana."