Zimwi la Uyoga Kwenye Mashine ya Plastiki

Mdogo wangu alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye duka letu la fotokopi. Hakuna aliyemfikia kwa kufunika karatasi kwa plastiki. Watu walimletea vyeti na picha za marehemu wao, naye hakuacha hata kiputo kimoja.

Kila Jumamosi mchana, akishafunga, walikuja rafiki zake wawili, fundi saa na mwalimu wa hesabu, wakacheza kadi za mazimwi juu ya meza ya kukatia karatasi. Wanaume wazima wenye vipara, wanagombania zimwi la uyoga! Lilikuwa la mdogo wangu: kofia pana, miguu ya mizizi, macho hakuna. Lilikuwa dhaifu, lakini likiuawa lilizaa vizimwi viwili. Nilimwambia mtu anayesali hachezi na vitu vinavyojifufua.

"Dada, halijifufui," alisema. "Linaoza tu. Kuoza si dhambi."

Alifariki Jumanne moja, kwa homa ya mapafu. Nilipokea wageni, nikasaini karatasi za hospitali. Sikulia. Waumini wenzangu walisema nina imani kubwa.

Wiki ya tatu fundi saa alipiga simu. Walitaka kucheza kadi za marehemu mara moja ya mwisho, kumuaga. Nilizikuta kwenye droo yake. Ile ya uyoga ilikuwa imechakaa pembe, nikaona nimfanyie jambo jema. Nikawasha mashine, nikaipitisha. Viputo vitatu.

Walipofika, fundi saa aliishika akaigeuza mara mbili.

"Dada, umeifanya nini?"

"Nimeitunza."

"Sisi tunazitia kwenye vifuko, zinatoka. Hii haitoki tena."

"Na imekuwa ngumu," mwalimu alisema taratibu. "Hata tukichanganya, kila mtu ataijua iko wapi. Itakuwa kuibiana."

"Wewe ndiye wa kusema wizi?" fundi saa alimgeukia. "Miaka yote umemchungulia kadi zake!"

"Alikuwa anazishika kama trei ya chai. Ningefumba macho?"

Niliomba msamaha. Wakasema si kitu, lakini hakuna aliyekaa. Mwishowe mwalimu aliiweka kando, akanivutia kiti cha mdogo wangu. Nilishika kadi zake, fundi saa akawa ananionyesha ipi ya kutoa. Tulishindwa kabla chai haijapoa.

"Ingekuwepo ile, angeshinda?" niliuliza.

"Hapana, dada," mwalimu alisema. "Angeshindwa vilevile, ila angetuchelewesha sana."

Walicheka, kisha wakainamisha vichwa. Nilisubiri kitu kije, machozi au hata hasira. Hakikuja. Nilimwomba Mungu kimyakimya, nikangoja tena. Fundi saa alikuwa tayari amevaa kofia yake.

"Jumamosi ijayo," nikasema, "mtakuja saa ngapi?"

Walitazamana.

"Saa nane, dada," alijibu mwalimu. "Kama kawaida."